Mbwa kulia usiku kucha baada ya nusukaputi ya meno, mimi yalinikuta

Dada uliyesema mbwa wako aling'olewa magego mawili jana, usiku kucha analia na anakutazama kama hakujui, pole sana. Mwaka jana tulipitia hayo hayo na mbwa wangu Bosko, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa nampa mifupa migumu ya ng'ombe mpaka gego la juu likapasuka, na ukoga nao umejaa. Sisi twakaa Likoni hapa Mombasa, daktari yuko Nyali, mpaka uvuke feri, sasa piga hesabu mwenyewe.

Nilikabidhiwa Bosko saa kumi jioni, anatembea ila kama mlevi. Kwenye feri ndo kasheshe. Tuko ndani ya tuktuk, udenda unamtoka wa rangi ya waridi, macho nusu, honi ya feri ikalia naye akaanza kuomboleza, mama mmoja akapiga ukelele "huyo ana kichaa!" basi watu wakatuachia nafasi ambayo sijawahi kuiona kwenye feri ya jioni. Nafuta udenda na leso (kanga) huku naeleza ni meno jamani, ni meno, nani anasikia.

Nyumbani akasimama kwenye pembe, uso ukutani, analia. Mavyaa wangu akasema mpe Panadol nusu. Usithubutu! Panadol yaweza kumuharibu ini na damu, na Brufen ndo inamchoma tumbo na figo. Dawa ya maumivu ni ile uliyopewa na daktari wa wanyama tu, na kwa saa zake.

Nikampigia daktari. Akanambia kilio kingine si maumivu, ni zile dawa kali za sindano na nusukaputi hazijatoka kichwani, mbwa anaamka hajui yuko wapi. Niliambiwa nimguse shavu polepole: akishtuka au akikwepa, huenda panauma, akilia vilevile umguse usimguse, huenda ni dawa. Si kipimo cha kuapia lakini kilinituliza. Bosko alikuwa wa dawa. Nikazima taa na feni, nikamlaza chini kwenye godoro (kitandani ataanguka), nikamfunika leso maana alikuwa anatetemeka na joto lote hili la Mombasa, kumbe nusukaputi inashusha joto la mwili. Maji kidogo kidogo. Saa tisa usiku akanyamaza.

Kukohoa kusikutishe, ule mpira wa kupumulia wanaopitisha kooni unakwaruza, siku mbili hivi kwisha. Choo pia kilichelewa. Chakula nilimpa ugali laini na supu ya kuku bila chumvi wala kitunguu, vitu vya kutafuna hakuna mpaka daktari aangalie kidonda, kwetu ilikuwa siku ya 14.

Mimi nilijua amerudi asubuhi ya siku ya pili, alipombwekea yule wa mkokoteni wa maji.

Ila wako, kama damu inadondoka haikatiki, au ukimuita haamki kabisa, au anahema kwa shida, usingoje jibu la mtu hapa, mpeleke. Ebu mfunue mdomo sahii, bonyeza ufizi na kidole uachilie, upauke kisha urudi pinki ndani ya sekunde mbili. Kama fizi zake ni nyeusi vuta kope ya chini uangalie hapo. Tuambie ni rangi gani.