Gereji ya wasomaji: Land Rover ya zamani, chini ya boneti

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Marehemu baba ametuachia Land Rover Series III 109 (ile ndefu) ya mwaka 1976, injini ya petroli ya lita 2.25. Imekaa miaka chini ya mwembe Sengerema, na enzi zake ilibeba sana kayabo, yaani samaki wa kukausha kwa chumvi, kutoka soko la Mwaloni. Tumeivuta hadi Nyakato, Mwanza. Injini haijakwama, inazunguka kwa hendeli. Fundi anasema tuipige maji ya presha, tuisuuze na petroli, kisha apulize rangi nyeusi chini ya boneti kote, siku mbili kazi imeisha. Mimi nataka irudi ilivyotoka kiwandani. Nianzie wapi, na ninunue nini? *Dada wa Kirumba*

JIBU: Dada, pole kwa kumpoteza mzee. Fundi mwambie aweke bunduki ya rangi chini kwanza. Kiwandani balkhedi, yaani ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini, ilipakwa rangi ya bodi, pamoja na sehemu za ndani za madigadi. Nyeusi ni ya chesisi. Zaidi ya hapo, rangi ya kupuliza juu ya kila kitu huziba sehemu za ethi (pale umeme unaporudi kwenye betri kupitia chuma cha gari), huficha nyufa na mivujo, na juu ya alumini isiyoandaliwa hubanduka kabla masika hayajaisha. Hiyo petroli ya kusuuzia msiiguse kabisa. Mvuke wake ukikutana na cheche moja, gereji nzima imekwenda.

Anzeni kwa kupiga picha kila waya, kila hozi na kila klempu, za mbali na za karibu. Boliti za kila sehemu ziingie mfuko wake wenye kikaratasi. Chomoeni betri, waya wa hasi kwanza. Kisha mwageni maji. Matundu ya kumwagia ni mawili, moja chini ya rejeta na jingine ubavuni mwa bloku. Wengi hufungua la rejeta wakaridhika. Fungueni na la bloku. Yasipotoka maji msidhani ni pakavu: kutu na matope vimeziba tundu. Ingizeni waya mgumu mkichokonoa taratibu, mtaona uji wa kahawia unaanza kudondoka, halafu ghafla maji yanafuata. Uji huo ndio unaochemsha injini hizi, maana hukaa nyuma ya bloku, upande wa silinda ya nne.

Toeni boneti, grili, rejeta na paneli yake ya mbele, kisha madigadi yote mawili. Kuisikia kazi hiyo inatisha, lakini gari hili limeungwa kwa boliti na linafunguka vizuri. Cha muhimu ni spana za inchi: 7/16, 1/2 na 9/16. Spana ya 13 kwenye boliti ya nusu inchi inaacha nafasi ya kama milimita 0.3, na kichwa chenye kutu kinaviringika papo hapo. Boliti iliyogoma pakeni mafuta ya gia otomatiki yaliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu, iache ilale hadi kesho. Mchanganyiko huo unawaka, kwa hiyo msilete gesi ya kupashia moto karibu nao.

Sasa suala la kayabo. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo gari la Mwanza kwa kawaida huoza polepole kuliko la Tanga au Dar es Salaam. Lenu ni tofauti, chumvi ya samaki imo ndani ya maungio. Osheni kwa maji mengi matamu, acheni likauke, osheni tena, ndipo mguse msasa. Mkipaka rangi juu ya chumvi, kutu itaendelea kula chini yake bila nyinyi kuiona.

Grisi iondoeni kwa mafuta ya taa au dizeli na brashi, mwache dakika 15, kisha sabuni ya unga na maji ya moto. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, isikaribie. Inatafuna alumini, na paneli za Land Rover hizi ni Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi. Maji ya presha yanaruhusiwa kwenye chesisi na bloku, ila distribyuta, alteneta na mdomo wa kabureta vifungwe mifuko ya plastiki kwanza.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Balkhedi na paneli ya rejeta ni chuma. Madigadi na boneti ni alumini. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na mtaikuta imegeuka unga mweupe kuzunguka boliti. Kila upande upakwe praima na rangi peke yake. Wakati wa kufunga, wekeni ukanda mwembamba wa mpira au silanti katikati, na boliti ziingie na grisi.

Balkhedi ikagueni kwa ncha ya bisibisi pembe za juu karibu na bawaba za milango, chini ya vifuniko vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, na sehemu za kukanyagia miguu. Chuma kizima kinalia kikigongwa; kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na mara nyingi bisibisi inapenya. Penye tundu kateni hadi mfike chuma safi, mchomelee bati la milimita 1.2 hadi 1.5. Puti juu ya tundu hunywa maji kama sifongo, na mwaka ujao mtakuwa na tundu kubwa zaidi. Kiti cha betri kina asidi. Kisugueni na bikaboneti ya soda, vijiko vitatu vya chakula kwa lita moja ya maji, hadi povu liishe.

Chuma kipigwe msasa namba 80 kisha 180, halafu praima ya zinki. Alumini ni msasa 240 au pedi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kila chembe ni mwanzo wa kidonda. Alumini inahitaji etchi praima, yaani praima inayouma metali ili rangi ishike, na ipulizwe siku ileile ya msasa. Kwa balkhedi, ndani ya madigadi, paneli ya mbele na chini ya boneti, nunueni etchi praima nusu lita, praima ya chuma lita 1, rangi lita 2, na thina lita 3 pamoja na ya kuoshea bunduki. Pulizeni kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, siku isiyo na wingu la mvua. Thina ikikauka inapoza bati, unyevu wa ziwa unatua juu yake, na rangi inatoka na ukungu mweupe.

Bloku inataka rangi ya injini inayovumilia nyuzi 150. Manifoldi ya ekzosi inataka ya nyuzi 600, la sivyo iacheni bila rangi. Silva ya kawaida huko itatoa moshi siku ya kwanza na kubanduka ya pili.

SWALI: Mambo vipi wakuu. Nimemaliza kupaka chumba cha injini cha 109 yangu, kimependeza balaa. Tatizo stata inazunguka kichovu, taa zinafifia, na juzi waya wa choki umepata moto mpaka plastiki ikayeyuka. Betri ni mpya. *Kijana wa Igoma*

JIBU: Kijana, umepaka rangi kwenye ethi. Injini imekalia mipira, haigusani na chesisi kwa chuma. Kinachoiunganisha ni ule mkanda wa waya uliosukwa. Ukisahaulika au ukifungwa juu ya rangi, umeme wote wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na umeipata kwenye waya wa choki. Usiwashe tena hadi urekebishe.

Kwangua rangi hadi chuma king'ae sehemu tatu: hasi ya betri inapofika chesisi, mkanda wa injini pande zote mbili, na ethi ya taa kwenye paneli ya mbele. Funga kwa washa (kile kiduara cha chini ya boliti) yenye meno, kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu. Kisha pima. Mita iwe kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye bloku, mwenzako apige stata. Ukisoma 0.2 au chini uko salama. Ikizidi 0.5 bado kuna kiungo kibovu. Injini ikinguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.4.

Na kama umebadilisha waya, tunaomba usiwe umetumia wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu. Mtikisiko unaukata ndani ya ganda na nje hauoni kitu. Tumia wa nyuzi nyingi, milimita za mraba 2.5 kwa taa kubwa, 35 au zaidi kwa stata, na ufuate rangi za kiwandani: kahawia ni moto wa betri wakati wote, nyeupe ni baada ya swichi, kijani ni baada ya swichi na fyuzi, nyeusi ni ethi. Atakayetafuta hitilafu baada yako atakushukuru.

SWALI: Hamjambo vijana wangu? Gari langu ni Series III. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 sina foleni ya kivuko, nakuja Mwanza bila kusimama na mshale wa joto hautikisiki. Nikifika Buzuruga kwenye msongamano, unapanda hadi kwenye nyekundu. Fundi katoa themostati, ile valvu ya kudhibiti joto la maji, haikusaidia. *Mzee wa Sengerema*

JIBU: Shikamoo mzee. Umetueleza vizuri, nusu ya jibu imo kwenye barua yako. Gari linalochemka likisimama na kupoa likitembea lina shida ya upepo. Lingechemka kwenye mlima au mwendo mkubwa, tungesema mirija ya rejeta imeziba au taiming imechelewa.

Anza na bati linalozungushia feni nyuma ya rejeta. Mafundi hulitoa ili wafikie pampu ya maji kwa urahisi, kisha hawalirudishi. Bila bati hilo feni inazungusha hewa ya moto ileile. Mkanda wa feni ukiusukuma kwa kidole gumba katikati ushuke kama milimita 12. Halafu tazama mapezi ya rejeta kwa mbele. Wale vijidudu wa ziwani wanaopaa kwa mawingu huganda humo pamoja na vumbi la Sengerema. Puliza maji ya bomba kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Presha kali hulaza mapezi.

Themostati irudishwe, ya nyuzi 82 inafaa. Mwanza iko mita kama 1,140 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka nyuzi 96 tu. Kifuniko kizima cha rejeta cha presha ya pauni 9 kinapandisha kiwango hicho hadi karibu 111, kwa hiyo kifuniko chenye mpira uliopasuka kinakunyang'anya nyuzi 15. Mfumo unachukua lita 10 hivi: weka kulanti (dawa ya rejeta) isiyochanganywa lita 3 hadi 5, zilizobaki maji ya mvua yaliyochujwa. Baridi ya kugandisha hatuna, lakini bila kulanti bloku ya chuma inarudia kutengeneza uji ule tuliomweleza dada wa Kirumba.

SWALI: Kabureta ya Land Rover yangu ni Zenith. Nimeiosha mara nyingi, lakini sailensa inatoa moshi mweusi, skrubu ya mchanganyiko haibadilishi kitu. *Msomaji, Magu*

JIBU: Zenith 36 IV hujipinda uso wa juu, pale kifuniko kinapokutana na sehemu ya jeti, kwa sababu ya joto na mikono mizito. Weka rula ya chuma kwenye uso huo, utazame mwanga. Ukipita, bandika msasa namba 400 juu ya kioo, usugue kwa kuzungusha hadi uso wote ung'ae sawasawa. Badilisha gasketi na ule mpira wa duara mdogo uliomo katikati, na skrubu kaza kwa zamu, si kwa nguvu.

SWALI: Valvu za 2.25 tunapima ikiwa ya moto au baridi? Na ni ngapi za kuingiza, ngapi za ekzosi? *Fundi mwanafunzi, Ilemela*

JIBU: Zote nane ni inchi 0.010, sawa na milimita 0.25, moto au baridi. Hesabu kutoka mbele, 1 hadi 8, na ukumbuke jumla ya 9: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha namba 1, 6 ikifunguka, rekebisha 3; 4 ikifunguka, rekebisha 5; 7 ikifunguka, rekebisha 2; kisha kinyume chake. Toa plagi zote kwanza ili hendeli izunguke kwa mkono mmoja. Ukishafunga kifuniko, nafasi ya pointi za distribyuta iwe milimita 0.35 hadi 0.40, ya plagi 0.75 hadi 0.80, na waya za plagi zifuate 1-3-4-2.