Kabla Hujachomeka Waya: Kujaribu Gitaa la Bei Mbaya Dukani

Siku ya kwanza niliposhika gitaa la umeme la bei mbaya, nilisahau nyimbo zote ninazozijua. Muuzaji alilishusha ukutani kwa mikono miwili kama mtu anayempokea mtoto mchanga, akanikabidhi, akachomeka waya, kisha akasimama palepale. Nyuma yangu mtu alikuwa anajaribu ngoma. Pembeni kijana mmoja alikuwa anashusha solo bila hata kutazama vidole. Nami nikafanya kile ambacho wengi wetu hukifanya dukani: nikapiga vipande vitatu vya haraka haraka, kila kimoja kikikatika pale nilipokosea. Dakika kumi baadaye nilikuwa tayari kuuza hata godoro.

Sikulinunua, na wala si kwa busara, pesa haikutosha. Lakini ule ukata ulinipa miezi kadhaa ya kwenda na kurudi duka lile lile, na ndimo nilimojifunza kwamba siku ile sikuwa nimejaribu gitaa hata kidogo. Nilijaribu amplifaya ya duka, nyuzi mpya na aibu yangu mwenyewe.

Nianze na amplifaya, maana ndiyo inayodanganya watu zaidi. Duka likiwa na gitaa la gharama, halilichomeki kwenye kiboksi cha mazoezi. Linakupa amplifaya kubwa, mwangwi umewekwa, sauti imepandishwa. Sasa, sikio letu lina tabia moja ambayo watafiti Fletcher na Munson waliipima tangu mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, besi na noti za juu kabisa hufifia kuliko zile za katikati, ikipandishwa, zinajitokeza. Kwa hiyo gitaa lilelile likipigwa kwa nguvu linaonekana limenenepa na kung'aa, na wewe unadhani ni mbao. Omba amplifaya inayofanana na yako ya nyumbani. Zima mwangwi, weka sauti safi isiyokwaruza, na ishushe kiasi kwamba mnaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Muuzaji akisema huwezi kuonja utamu wa gitaa hili hivyo, mwambie utaipandisha sauti baadaye.

Lakini hata kabla ya waya, lipige kavu. Gitaa la umeme lisilochomekwa lina sauti ndogo, ila ndogo hiyo inasema mengi. Piga uzi mmoja bila kuubana, uache uimbe mpaka ufe wenyewe. Kisha panda freti (vile vyuma vyembamba vilivyolala kukingama shingoni) moja moja, uzi kwa uzi, taratibu kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Unatafuta noti inayozimika ghafla wakati jirani zake zinaendelea, au freti inayolia zzz kama nzi aliyenasa kwenye chupa. Kazi hii inachosha na haimpendezi yeyote aliye karibu. Mimi huinamisha kichwa mpaka sikio liguse pembe ya gitaa. Mtetemo unapita kwenye mfupa, na makelele ya duka hayanisumbui.

Halafu pitisha kiganja ukingoni mwa shingo, kutoka kichwani hadi inapoungana na mwili. Mbao ikikauka husinyaa, chuma cha freti hakisinyai, ndiyo maana ncha za freti huchomoza na kukukwaruza kama meno ya kitana. Kwenye gitaa la bei ya chini unaweza kuvumilia. Kwenye la bei mbaya, hapana: ulaini wa ukingo ule ni sehemu ya kazi ya mikono unayoilipia.

Shingo yenyewe itazame ikiwa imenyooka kiasi gani. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie uwazi uliobaki katikati, karibu na freti ya saba. Uwazi wa unene wa kadi ya jina unatosha. Ukizidi au ukikosekana kabisa, usilikatae gitaa papo hapo, kwa kuwa ndani ya shingo mna fimbo ya chuma ambayo fundi huikaza au kuilegeza. Kinachopaswa kukuogopesha ni shingo iliyojisokota. Hiyo achana nayo.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda. Tyuni gitaa vizuri, vuta kila uzi kwa kidole mpaka noti ipande, uachie, kisha angalia tena kama limebaki pale pale. Ukisikia "ting" wakati wa kukaza, uzi unanasa kwenye kile kipande cheupe kinachopitisha nyuzi kuelekea kichwani. Kwenye magitaa ya mtindo wa Les Paul (gitaa la kampuni ya Gibson), yenye vigingi vitatu vya kukazia nyuzi kila upande, uzi wa tatu ndio msumbufu, kwa sababu unapindia pembeni kukifuata kigingi chake. Kisha nenda freti ya 12: gusa uzi juu yake bila kuubana, upige, itoke noti nyepesi kama kengele, halafu bana hapo hapo, upige tena. Noti mbili zikipishana, daraja, yaani kile kipande kinachoshikilia nyuzi upande wa mwili, linahitaji kusogezwa. Yote hayo ni kazi ya saa moja kwa fundi, na duka linalouza gitaa la bei hiyo lilipaswa kuwa limeshaifanya.

Ukichomeka, zungusha kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho, cheza na swichi ya pikapu (pikapu za gitaa, zile sumaku zenye koili za waya zinazonasa mtetemo wa nyuzi, si zile za kubebea mchanga), tikisa waya kidogo pale unapoingia. Mikwaruzo ni ya kuuliza. Mvumo ni habari nyingine. Pikapu yenye koili moja, kama za Stratocaster ya kawaida, gitaa la kampuni ya Fender, huvuma kwa asili. Geuka taratibu ukiwa umelishika, utasikia mvumo ukipungua na kuongezeka. Huo si ubovu. Ndio uliomfanya Seth Lover wa kampuni ya Gibson kuunganisha koili mbili mwaka 1955 ili zifutane mvumo.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu muda mrefu kulitambua. Safari ya nne hivi, nilikwenda na gitaa langu mwenyewe, lile la bei chee nililojifunzia. Muuzaji hakusema kitu, ila jicho lake lilisema. Nikalichomeka kwenye amplifaya ileile, vitufe vilevile, nikapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zilezile nne za polepole, nikabadilisha, nikarudia. Langu lilisikika kama linaimba chini ya blanketi. Nikataka kukata tamaa, mpaka nilipotazama kwa karibu: nyuzi zangu zilikuwa na kutu, tena zimekaa juu ya freti kama waya za umeme barabarani. Nilikuwa nalinganisha gitaa lililotunzwa na gitaa lililotelekezwa.

Nikalipeleka kwa fundi likasetiwa, likawekwa nyuzi mpya, nikarudi nalo dukani. Pengo lilikuwa limepungua mno. Lililobaki ndilo lilinifundisha ninacholipia. Nikishusha sauti kwenye kitufe cha gitaa la gharama, noti zilibaki zimetakata. Langu lilizama kwenye matope. (Fundi alinieleza baadaye kwamba kapasita, kifaa kidogo cha umeme, kwenye kitufe hicho inasaidia sana, akaiweka. Pengo likapungua tena.) Gitaa la gharama lilibaki kwenye tyuni nusu saa nzima ya kuvutwavutwa, langu halikuweza. Na shingo yake, mkononi, nilikuwa naisahau. Hiyo ya mwisho sijui fundi gani angeniwekea.

Tahadhari ndogo hapa: linganisha vinavyolinganishika. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani kwenye Stratocaster ni kama milimita 648, kwenye Les Paul ni kama 628. Nyuzi za unene uleule zitakaza zaidi kwenye ya kwanza. Ukizoea moja ukashika nyingine, vidole vitalalamika au vitashangilia, na hilo halihusiani na ubora hata kidogo. Pia simama nalo, likiwa na mkanda. Les Paul inaweza kupita kilo nne, na kilo nne ukiwa umekaa si kilo nne baada ya onyesho zima.

Na kama duka lina mawili ya aina ileile, omba yote mawili. Pesa ilipotimia hatimaye, nilifanya hivyo. Karatasi zilionyesha ni mapacha. Mkononi, moja lilikuwa zito zaidi, na noti moja ya uzi wa pili ilikufa mapema. Lile jepesi, ambalo ndilo nililolipiga siku ya kwanza, liliimba kila mahali. Nikaligeuza kukagua mgongo wake, nikaona mkwaruzo mwembamba, urefu wa kidole, katikati kabisa. Nikafurahi kimoyomoyo: punguzo limepatikana.

"Huo," muuzaji akasema, "ni mteja fulani, miezi mingi nyuma. Alisimama nalo na mkanda wa suruali wenye bizimu kubwa ya chuma. Hata sura yake siikumbuki."

Nikashusha macho kiunoni kwangu. Nikafunga zipu ya jaketi, nikalipa bei kamili.