Maswali ya wajenzi: ngazi tano na mlango wa choo

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu nyumba ambayo mzee, mgonjwa au mwenye kiti cha magurudumu ataingia bila kubebwa. Swali la kwanza nimelijibu kwa urefu, maana ndilo linalotutesa sisi watu wa milimani.

Shikamoo fundi. Kiwanja changu kipo Mbeya mjini, upande wa Loleza, kimelala mteremko. Fundi anasema mbele msingi utainuka, tutaweka ngazi tano. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Nimjengee njia ya kupandia pembeni?

Marahaba. Tupige hesabu kwanza. Ngazi tano za sentimita 15 ni sentimita 75. Njia ya kiti cha magurudumu hujengwa kwa moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita 1, uwe umekwenda mbele sentimita 12. Kwa hiyo unahitaji mita 9 za zege, ukiacha sehemu tambarare ya mita moja na nusu juu na nyingine chini. Fundi wako hatakupa mita 9. Atamwaga mita tatu, atazisugua zing'ae, atakuita uje uone. Nimewahi kumsukuma mtu kwenye kitu cha namna hiyo: kupanda unahema, kushuka unaomba Mungu.

Achana na njia, fikiria mlango utakaa wapi. Kwenye mteremko, upande wa chini msingi unainuka, lakini upande wa juu ardhi inakaribia kulingana na sakafu. Mlango wa mama uweke huko juu. Najua kuna mjomba atakayesema mlango mkubwa lazima utazame barabara. Sawa, wenye ngazi utazame barabara, wageni wapande.

Sharti ni moja, maji. Ukikaribisha ardhi mlangoni umekaribisha na mvua ya Machi inayoshuka kutoka mlimani. Chimba mtaro kati ya mlima na ukuta, na pale mlangoni uufunike kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, magurudumu yasinase. Uwanja wa mbele ya mlango uiname kuelekea mtaroni, sentimita 2 kwa kila mita. Haya mwambie fundi kabla hajachimba msingi. Jamvi, yaani zege la sakafu, likishamwagwa, tunarudi kwenye zile mita 9.

Kaka, nipo Mafinga. Fremu za vyumba ni futi tatu, ya choo seremala kaweka inchi 28. Inatosha?

Haitoshi. Mbao mbili za pembeni zinakula inchi nne, unabaki na 24, yaani sentimita 61 hivi, na viti vingi vinazidi hapo. Sijui nani alituroga tukaamini choo ndicho chenye mlango mwembamba kuliko yote, wakati mgonjwa anaweza kulala sebuleni lakini haja hawezi kuimalizia huko. Pima uwazi unaobaki mlango ukiwa umefunguliwa: usipungue sentimita 80. Fremu ya inchi 40 kwa nje itakupa nafasi nzuri, na mbao Mafinga si za kutafuta kwa tochi.

Mlango ufungukie nje. Mtu akianguka ndani ya choo kidogo, mwili wake ndio unaokuwa komeo.

Ndani, kiti kinahitaji duara la mita moja na nusu ili kigeuke. Funga kamba ya sentimita 75 kwenye msumari, uzungushe chaki sakafuni. Chaki ikigonga ukuta au choo, panga upya. Vishikio viwe vya bomba la chuma, kama sentimita 85 kutoka sakafuni, na boluti zizame kwenye tofali lenyewe, si kwenye plasta.

Nipo Kihesa, Iringa. Kwetu hakuna mlemavu. Kwa nini nijigharimu?

Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu, ndiye aliyelipa wazo hili jina la "universal design", yaani usanifu unaomfaa kila mtu. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni saba. Hakuna mahali waliposema nyumba ya walemavu. Walisema nyumba moja imfae kila mtu: mjamzito, mtoto, hata wewe ukiwa na gunia la mahindi begani. Mimi nilianguka kwenye jukwaa la ujenzi nikatembea na magongo wiki sita, na adui yangu mkubwa alikuwa kizingiti cha sentimita 12 cha bafu langu. Nilikijenga mwenyewe.

Tukuyu mvua haikatiki. Marumaru gani kwa baraza?

Zenye uso wa kukwaruza. Zinazong'aa bakiza sebuleni. Na paa lizidi baraza.

Mama mmoja wa Njombe: swichi na soketi ziwe urefu gani?

Swichi isizidi sentimita 120 kutoka sakafuni, soketi isiwe chini ya 40. Mwambie fundi umeme kabla ya plasta, dada, akishachimba ukuta atadai hela ya pili.