Ada nalipa, lakini sijulikani

SWALI: Shikamoo mzee. Huu ni mwaka wangu wa pili katika chama cha wasanifu majengo. Ada nalipa kwa wakati, mikutanoni naenda, lakini wakubwa wanajuana wenyewe na mimi narudi nyumbani kama nilivyokwenda. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hata mimi nilikaa safu ya nyuma miaka minne nikisubiri kuitwa. Hakuna aliyeniita. Siku moja kamati ya mikataba ilikosa mtu wa kuandika muhtasari, nikanyoosha mkono kwa sababu tu nilikuwa na kalamu. Kazi ya kuchosha, sikufichi. Lakini mwandishi wa muhtasari husoma kila rasimu, na ndiye anayepigiwa simu kuulizwa, "Hivi tulikubaliana nini?" Baada ya miezi sita nilivijua vifungu vya malipo ya msanifu kuliko nilivyofundishwa chuoni, na wakubwa wakaanza kuniita kwa jina.

Basi uongozi uache kwanza. Chagua kamati moja: mafunzo, mashindano ya usanifu au kanuni za ujenzi. (Ya sherehe ina wagombea tele, sijui kwa nini.) Mwambie mwenyekiti una saa ngapi kwa mwezi, wala usizidishe.

Usidharau kikao chenye watu wachache. AIA, chama cha wasanifu cha Marekani, kilianzishwa na watu 13 jijini New York mwaka 1857.

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba ni Siku ya Usanifu Majengo Duniani. Kama chama chenu huiadhimisha, mpigie katibu mapema Septemba, kabla kazi hazijagawanywa.