Tutu alikuwa katibu mkuu wa SACC, si rais

Je, Desmond Tutu, askofu wa Kianglikana aliyepinga ubaguzi wa rangi, aliwahi kuwa rais wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini (SACC)? Hapana, hakuwahi. Alikuwa katibu mkuu, 1978 hadi 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 80 rais alikuwa Peter Storey, mchungaji wa Kimethodisti, lakini katibu mkuu ndiye mtendaji na msemaji wa kila siku, ndiyo maana watu huwachanganya. Nobeli ya 1984 aliipata akiwa bado katibu. Uaskofu mkuu wa Cape Town ulikuja 1986. Aliyempokea kijiti cha ukatibu mkuu ni Beyers Naudé, Kaburu aliyeasi ubaguzi (huyu anasahaulika mno), kisha Frank Chikane. Makao ya SACC, Khotso House, yalilipuliwa 1988, enzi za Chikane, si za Tutu.