Maswali na majibu: Kabati la mninga lina kosa gani?

Nimerithi kabati la nguo la mninga. Nataka nilipake nyeupe, kisha nilikwangue lionekane la kizamani. Nianzie wapi? (Area C)

Si la kizamani tayari? Mninga una rangi yake na michirizi yake, na ukiupaka nyeupe bila kuuziba kwanza, rangi ya mti hupanda juu ikaacha madoa ya kahawia. Piga msasa namba 120, kisha 240, ukifuata mkondo wa mbao, halafu paka vanishi mpya. Mkono ukiwasha, nunua kitanda cha paini ukichezee hicho.

Rangi ya maji niliyopaka juu ya ile ya mafuta inabanduka. (Kizota)

Hukupiga msasa. Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Osha kwa sabuni, ondoa mng'ao kwa msasa, paka praima (rangi ya msingi ya kushikisha), ndipo upake rangi.

Nifanyeje kitanda kionekane kimechakaa kama vile vya hotelini? (Nzuguni)

Paka rangi nzito kwanza, tuseme kahawia, ikauke kabisa. Chukua mshumaa mkavu, sugua pembe za miguu na ukingo wa mbao ya kichwani. Paka rangi nyepesi juu yake. Ikishakauka, pitisha msasa namba 220 taratibu: palipo na nta rangi itaachia yenyewe, ile ya chini itachungulia.

Wengi wanaharibu kwa kukwangua kila mahali, hata katikati ya ubao. Tazama droo yoyote iliyotumika miaka mingi: imechakaa kando ya kishikio, mkono unapopita, na chini, ufagio unapogonga. Kwingine kote ni nzima. Malizia na vanishi ya maji isiyong'aa. Ile ya mafuta hugeuza nyeupe kuwa njano. Na fundi akikuletea nyundo na mnyororo ili "akizeeshe", mlipe nauli aende zake.

Naweza kupaka uani? (Ipagala)

Kwa vumbi hili la Dodoma? Kiangazi, paka alfajiri kabla upepo haujaamka, kivulini, na umwagie ardhi maji kwanza. Juani rangi hukauka kabla brashi haijamaliza kupita, mistari ikabaki.

Kitanda cha mtoto kina rangi ya zamani inayochanika. Nikikwangue tu kibaki hivyo hivyo, si ndiyo mtindo? (Mpwapwa)

Usithubutu. Rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi, yaani madini ya ledi, na vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Mtoe mtoto nyumbani, vaa barakoa, tumia msasa wa maji ukiwa umelowana, na mabaki uyafute kwa kitambaa kibichi, si kwa ufagio. Kisha paka rangi mpya isiyo na risasi, tabaka mbili, bila kuchakaza chochote. Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda.

Na kabati la MDF, linachakazwa? (Chamwino)

Hapana. Chini ya ile rangi kuna nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi.