Ukiandika Kuhusu Wahamiaji na Uchumi, Uliza Kwanza: Ukuaji wa Nani?

Wiki iliyopita makala yangu kuhusu wahamiaji na ukuaji wa uchumi ilikubaliwa na jarida lililowahi kuikataa bila kunieleza sababu. Nilipotangaza habari hiyo, msomaji mmoja anayeandika tasnifu akaniuliza nilifanyaje. Nakujibu hapa, ndugu yangu, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaitafuta njia hiyohiyo.

Nilianza utafiti nikiwa mhamiaji mwenyewe, nikifanya kazi za usiku. Semina moja mhadhiri alitamka mbele ya wenzangu kwamba mtu wa hali yangu hawezi kuandika jambo hili bila upendeleo. Neno lile bado linaniuma. Lakini ndilo lililonisukuma kusoma kwa bidii.

Nikakutana na kisa cha Miami. Mwaka 1980 Wakuba wapatao 125,000 waliondoka bandari ya Mariel kwenda Marekani, na nguvukazi ya Miami ikaongezeka kwa takriban asilimia 7. Mwaka 1990 mwanauchumi David Card alionyesha kwamba mishahara na ajira za waliokuwapo hazikuathirika kwa kiasi cha kuonekana. Baadaye mwanauchumi mwenzake George Borjas akazichambua takwimu upya, akiwatazama wanaume wasiomaliza sekondari, akakuta ujira wao ulishuka sana. Wanabishana hadi leo, na sehemu kubwa ya ubishi ni nani ahesabiwe.

Basi fanya hivyo nawe: sema unamhesabu nani. Kanada mwaka 2023 watu waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 3, wengi wao wakiwa wakazi wa muda. Pato la taifa likakua, pato la wastani kwa kila mtu likashuka. Oktoba 2024 serikali ikapunguza lengo la wakazi wapya wa kudumu wa 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000. Wengi wakakimbilia kusema wahamiaji ni mzigo. Hesabu haisemi hivyo! Mgeni akianza na mshahara mdogo, wastani hushuka hata kama hakuna mwenyeji aliyepoteza senti. Nyumba na mitambo nazo haziongezeki upesi kwa kasi ya watu, hivyo fungu la kila mmoja hupungua kwa muda.

Acheni kunukuu wanasiasa, jamani. Someni takwimu. Tenganisheni pato la jumla na pato la kila mtu, mwaka wa kwanza na mwaka wa kumi tangu wageni wafike, na msimruhusu yeyote awaambie kwamba mliohama hamstahili kuzisoma.